Sauti Zilizopita Mezani Kwangu

Sikuwahi kuwa fundi wa redio. Kazi iliyonilisha ni ualimu wa shule ya msingi. Vyombo vya sauti ni mapenzi tu, tangu nikiwa kijana. Navifungua, naviunganisha, nasikiliza vinasema nini. Kwa mapenzi hayo nimeshuhudia namna sauti za mbali zilivyoingia kijijini kwetu Murangi, na namna sauti za Murangi zenyewe zilivyoanza kutoka, na nyingi kati ya hizo zimepita mezani kwangu.

Miaka ya 1980 redio ilikuwa mali ya kijiji kizima, hata kama aliyeinunua ni mtu mmoja. Ikifika saa mbili usiku, watu walijaa uani kwa baba kusikiliza taarifa ya habari ya Redio Tanzania Dar es Salaam, na wengine walifika mapema zaidi ili waiwahi BBC. Aliyekohoa wakati habari zinasomwa alitazamwa vibaya. Kilichotutesa kilikuwa mawe, yaani betri. Redio ya baba ilikula mawe manne ya National, kila moja volti 1.5, jumla volti 6, na duka lilikuwa mbali, mfuko nao haukutosha. Mawe yakichoka tuliyaanika juani, joto likaamsha nguvu iliyosalia, tukapata jioni moja au mbili za ziada. Baadaye niligundua njia bora. Nilipasua mwanzi kwa urefu, nikapanga ndani yake mawe sita yaliyochoka badala ya manne, nikafunga kwa mpira wa baiskeli na kupitisha waya mbili hadi ndani ya redio. Mawe ambayo wenzetu walikuwa wameyatupa yalisoma habari kwetu wiki nzima.

Antena nayo ilikuwa na habari yake. Nilifumua waya wa shaba kutoka kwenye jenereta ya gari iliyoungua, nikautandaza kutoka paa la nyumba hadi mwembeni, na ncha yake nikaifunga kwenye antena ya redio. Mchana haikuonekana tofauti kubwa. Usiku ndipo dunia iliposogea, kwa sababu tabaka la chini la anga, ambalo mchana humeza mawimbi, hufifia jua likizama, na mawimbi hudunda juu zaidi yakafika mbali. Tulimsikia Mjerumani akizungumza Kiswahili kwa ufasaha, tukawapata Wakenya, na kati ya stesheni na stesheni kulikuwa na lugha ambazo hakuna aliyezijua. Baba alizisikiliza hizo pia, kimya, kwa heshima.

Ile redio ilikuwa na deki ya kaseti yenye kitufe chekundu cha kurekodia, na kwa miaka mingi hakuna aliyekigusa. Nilianza kukitumia kwa dhati Oktoba 14, 1999. Asubuhi ile Rais Benjamin Mkapa alitangaza kwamba Mwalimu Nyerere amefariki dunia katika Hospitali ya St Thomas, London. Nilichukua kaseti ya nyimbo iliyokuwa karibu. Wanaozijua kaseti wanakumbuka vile vijino viwili vya plastiki mgongoni: vikivunjwa, kaseti haikubali kurekodiwa juu yake. Nikabandika karatasi na gundi kwenye matundu, nikabonyeza chekundu. Niliendelea kurekodi siku zilizofuata, maombolezo, salamu za viongozi, hadi maziko ya Butiama Oktoba 23. Butiama haiko mbali na kwetu. Wenye nauli na nguvu walikwenda. Wazee waliobaki walikaa uani kwa baba wakisikiliza, na wakati mwingine redio ilipopiga nyimbo za maombolezo walizima wenyewe, wakakaa.

Baada ya mazishi watu walianza kuja kuomba zile kaseti. Niliazima redio ya deki mbili, kaseti ikicheza upande huu na nyingine ikirekodi upande ule, nikawagawia. Nakala ya kwanza ilikuwa safi. Nakala iliyotolewa kwenye nakala ilikuwa na mvumo kama wa mvua ya mbali, na katika iliyofuata mvumo ulishindana na sauti ya msemaji. Katika utepe wa sumaku kila nakala huongeza uchafu wake juu ya uchafu wa mama yake. Kwa hiyo nilijiwekea sharti: kaseti mama haitoki nyumbani, hata akija nani.

Msiba ule ndio ulionisukuma kuwarekodi wazee wetu. Nilijiuliza: kama sauti ya Mwalimu, iliyorekodiwa duniani kote, tunaikimbilia hivi, nani atatunza ya mzee wa kijiji cha Lyasembe anayejua upepo kwa majina? Nikaanza kuzunguka na redio begani. Nilirekodi hadithi za lugha yetu ya Kijita, nyimbo za kupiga kasia, ugomvi wa mipaka ya mashamba, namna ya kumtibu ng'ombe kwa mizizi. Kaseti ninayoithamini kuliko zote ni ya mvuvi mmoja mzee wa Lyasembe aliyekaa akanitajia aina za samaki aitwaye furu, moja baada ya nyingine, kila aina na rangi yake, kina inakokaa na msimu wake. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameshawala furu wengi kiasi cha kufuta mamia ya aina zao. Yule mzee aliwataja samaki ambao wajukuu zake hawajawahi kuwaona. Majina yale kwa Kijita, pamoja na sifa zake, sijayakuta katika kitabu chochote nilichosoma. Yako kwenye kaseti ya dakika 60, upande A.

Simu zilipoingia sikuzijali sana mwanzoni, kwa kuwa zilikuwa za kuongea tu, tena kwa kupanda juu ya mwamba kutafuta mtandao. Zilinivutia zilipokuja zile za Kichina zenye spika kubwa, redio ya FM, tochi, laini mbili na tundu la memori kadi. Vijana walilipa shilingi 500 mjini Musoma kuingiziwa nyimbo, wakirudi wanarushiana kwa Bluetooth, simu mbili zimelazwa sambamba juu ya meza kama mapacha. Jambo moja lilinishtua: wimbo uliorushwa mara ya ishirini ulikuwa sawasawa na wa kwanza. Hakuna mvumo. Simu hainakili sauti, inanakili tarakimu, na tarakimu haichakai. Hapo nikajua kaseti zangu zinapaswa kuhamishwa, na mapema.

Juni 16, 2016, simu feki zilizimwa nchini. Ulikuwa ukibonyeza *#06# unaona namba ya utambulisho wa simu yako, unaituma 15090 kujua kama ni halali. Zilizozimwa zilipoteza mtandao, lakini spika, redio, tochi na kinasa sauti vilibaki vizima. Watu waliziuza kwa bei ya kutupa. Nilinunua kadhaa, nikawagawia wazee niliokuwa nikiwarekodi, kila moja ikiwa na memori kadi yenye hadithi zao wenyewe. Nasema bila kusita kwamba hakuna chombo kilichofaa kusikilizia masimulizi kijijini kuliko simu ile iliyokataliwa: haina vocha, haipigiwi, inachajiwa kwa sola ndogo, na sauti yake inajaza sebule.

Kuzihamisha kaseti kulihitaji subira. Kwanza, redio yenyewe ilikuwa imechoka. Kichwa kinachosoma utepe nilikisafisha kwa pamba na spiriti hadi kikang'aa. Mkanda wa mpira unaozungusha deki ulikuwa umelegea, na wa aina yake sikuupata madukani, nikakata mwembamba kutoka mpira wa ndani wa baiskeli. Ukazunguka vizuri, ila polepole kidogo, na wazee wote wakawa na sauti nzito isiyo yao. Nikachomeka waya wenye pini sawa ncha zote mbili, kutoka tundu la spika za masikioni hadi kwenye kompyuta mpakato, nikarekodi kwa Audacity, programu ya bure. Programu hiyo inaweza kurekebisha kasi, lakini urekebishe hadi wapi? Jibu lilikuwa ndani ya kaseti za mwaka 1999. Kabla ya taarifa ya habari redio ilipiga milio ya saa, na kati ya mlio na mlio ni sekunde moja kamili. Kwenye kioo cha kompyuta milio ile inaonekana kama miiba iliyosimama. Nilipima nafasi kati ya mwiba na mwiba, nikaongeza kasi hadi ikawa sekunde moja, kisha kipimo hicho nikakitumia kwa kaseti zote zilizochezwa na mkanda uleule. Mvuvi wa Lyasembe akarudi na sauti yake nyembamba, ya haraka, kama nilivyomkumbuka.

Kazi hii haina njia ya mkato. Kaseti ya saa moja inahamishwa kwa saa moja. Saa hiyo ikiwa ghafi, kwa ubora wa CD, inakula takriban MB 600. Ukiibana kuwa MP3 ya kawaida inabaki kama MB 60. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua kila kitu nilipotaka kuzipeleka YouTube, maana bando lilinunuliwa kwa hesabu na mtandao nyumbani kwangu ulikuwa wa kusuasua.

Kampuni ya simu ya Halotel ilikuwa imeanza kazi nchini Oktoba 2015, minara ikasogea vijijini, lakini kati ya nyumba yangu na mnara kuna mawe makubwa yale yanayojulikana na kila aliyepita kwetu. Nilikuwa na dishi kuukuu la televisheni. Nikatoa kile kichwa chake cha mbele, mahali pake nikafunga modemu ya USB, nikaileta ndani kwa waya wa mita tano, maana ukizidi hapo modemu haisomi. Dishi lililopinda hukusanya mawimbi kutoka eneo lake lote na kuyaelekeza sehemu moja. Mawimbi ya 3G ya megahezi 2,100 yana urefu wa sentimeta 14 hivi, kwa hiyo hata dishi la kawaida linayatosha. Mjukuu wangu alikaa ndani akitazama kioo, mimi juu ya paa nikizungusha dishi kidogo kidogo. "Babu, moja! Babu, bado moja! Tatu! Babu, umepita, rudi!" Nikarudi, nikakaza nati. Usiku ule, kwa bando la usiku, hadithi ya kwanza ya Kijita kutoka mezani kwangu ilipanda YouTube, juu ya picha moja ya mtumbwi, kwa kuwa YouTube haikubali sauti isiyo na picha.

Baada ya wiki kadhaa jamaa walianza kupiga simu kutoka Mwanza, Ukerewe na Dar es Salaam, wengine wakiuliza kama nina sauti ya babu yao. Lakini tukio lililobadilisha kazi yangu lilitokea hapahapa. Nilimpelekea bibi mmoja, kwenye simu, sauti ya kaka yake marehemu, akisimulia hadithi ya fisi na sungura. Nilidhani atalia. Alisikiliza akiitikia pale msikilizaji anapopaswa kuitikia, kisha ghafla akaipigia kelele ile simu: "Aa, umeruka! Fisi alirudi kwanza kwa mama yake!" Akaanza kukisimulia kipande kilichorukwa, chote, huku kaka yake akiendelea kusema upande wa pili. Nilimsimamisha kaka, nikawasha kinasa. Sasa hadithi ile ninayo kwa sauti mbili, na ya dada ni bora. Tangu siku hiyo kila ninachorekodi nakirudisha kwa watu wakisahihishe.

Mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotaka leseni ya shilingi milioni 1 kwa mwaka kwa wenye blogu na televisheni za mtandaoni. Niliona ni busara kusimama, nikahamishia nguvu zangu kwenye memori kadi na makundi ya WhatsApp ya ukoo. Sikujutia. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa kimya siku kadhaa. Kilichokuwa mtandaoni hakikufikika. Kilichokuwa kwenye memori kadi kiliendelea kuchezwa, na redio ya mawimbi mafupi ikarudi mezani.

Siwaungi mkono wanaosema simu imeua masimulizi. Vijana wetu wanasikiliza kuliko sisi tulivyosikiliza. Wanachokosa ni kusikiliza pamoja, maana kila mmoja ana waya wake masikioni, na anayesikiliza peke yake hana wa kumwambia kwamba msimulizi ameruka kipande. Tena simu za siku hizi zimegandishwa kwa gundi, mtoto mwenye bisibisi hana pa kuanzia. Hilo linaniuma zaidi ya yote.

Basi wewe unayesoma, kama kuna kaseti ndani ya sanduku la mama au juu ya kabati la baba, itoe wiki hii. Usiicheze mara moja. Kwanza izungushe taratibu kwa kalamu mpaka mwisho, kisha uirudishe, ili utepe uliogandamana uachane. Safisha kichwa cha redio. Vunja vile vijino viwili mtu asirekodi juu yake. Ihamishe, kisha toa nakala tatu na uziweke katika nyumba tatu tofauti. Na aliyerekodiwa kama bado yu hai, au ana ndugu aliye hai, nenda ukae naye msikilize pamoja, na kinasa kiwe kimewashwa.