Kadi ipo, kompyuta haiioni

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya mpiga video huisha mbuzi wa ntheo wakishapokewa na nyama ikishaliwa. La hasha! Ndiyo kwanza huanza.

Ntheo ninayoisimulia ilifanyika Jumamosi moja hapa Wote, Makueni. Bwana harusi ni mtu wa Mutomo, ng'ambo ya Mto Athi, katika Kitui. Nyanyake, ambaye sote humwita Susu, miguu haimruhusu tena kusafiri. Mjukuu wake mmoja, mwanafunzi, alikuwa apande matatu Jumapili asubuhi, apitie Kibwezi, ampelekee video hiyo. Nami usiku ule nilikuwa na saa nne za picha na stima ya kubahatisha.

Kubana picha nyingi hivyo kwa prosesa peke yake kungenikesha hadi mchana. Kadi ya picha ya NVIDIA huimaliza kazi hiyo upesi zaidi, kwa kuwa ina sehemu maalumu ya kubana video. Programu ninayotumia ni FFmpeg, ya bure, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000. Nilitaka pia itumie libnpp, maktaba inayopunguza vipimo vya picha ndani ya kadi yenyewe. FFmpeg iliyounganishwa na maktaba hiyo hairuhusiwi kugawiwa watu, kwa hivyo anayeitaka hujiundia mwenyewe.

Nikaanza. Dakika haikupita, ikagoma: ffnvcodec haipo.

"Shangazi, kwani kadi imekufa?" mwanafunzi akauliza.

Kadi ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni faili chache ziitwazo vichwa, yaani orodha ya majina ambayo FFmpeg huitumia kuiita kadi. Fundi yupo jirani, lakini humjui jina, utamwitaje? Zamani vichwa hivyo vilikuja ndani ya FFmpeg. Kuanzia toleo la 4.0 la mwaka 2018 vikawa furushi la pekee, nv-codec-headers. Nikalipakua, nikaliweka.

Ikagoma tena, kwa maneno yale yale! Hapa ndipo wengi hufuta kila kitu kwa hasira. Mimi husoma kwanza mistari ya mwisho ya config.log, iliyo ndani ya folda ya ffbuild, maana ujumbe wa kwenye skrini ni muhtasari tu na muhtasari huficha mengi. Kumbe furushi lilikuwa limetua /usr/local, ilhali kompyuta ililitafuta kwingine. Nikaielekeza, kwa PKG_CONFIG_PATH, iangalie /usr/local/lib/pkgconfig. Ikakubali.

Saa saba usiku programu ilikuwa tayari. Kuiendesha, kadi ikakataa: vichwa vilikuwa vipya kuliko draiva. Kupakua draiva mpya ni mamia ya megabaiti, na kwa bando la nani? Vichwa ni vidogo mno. Nikachukua toleo lao la zamani linalolingana na draiva yangu, nikaunda upya. Mwanafunzi alikuwa amelala kitini zamani.

Stima ilipotea saa kumi na moja alfajiri. Faili ilikuwa imekamilika na kuingia kwenye flashi robo saa kabla yake.

Jumatatu nikapigiwa simu kutoka Mutomo. Susu ameitazama mara mbili, na anataka kujua kwa nini mamake bibi harusi ameonyeshwa kidogo hivyo.