Maji Yasiyojaa wala Kupwa

Aliyezaliwa pwani hujifunza habari za kina cha maji kabla ya kujifunza kusoma. Huko kwetu Lamu upo mkondo mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, nao huitwa Mkanda. Kando zake zimeota mikoko, na chini yake ni matope. Toka zamani majahazi yaliyopakia shehena yaliupita wakati maji yamejaa, na nahodha aliyechelewa alipwelewa. Walakini kupwelewa si msiba. Mabaharia hupika chai, husimuliana hadithi, hulala. Baada ya saa kadhaa maji hurudi yenyewe, chombo kikaelea, na safari ikaendelea. Mwezi ndio ufanyao kazi, wala haudai ujira.

Elimu hiyo ndiyo niliyokuwa nayo nilipopata kazi ya ubaharia katika yoti ndogo ya tanga iliyokuwa ikitoka Bordeaux, upande wa magharibi wa Ufaransa, kwenda bahari ya Mediterania. Njia ya baharini ni ndefu: chombo hakina budi kuzunguka Hispania na Ureno na kupita mlango wa Gibraltar. Lakini ipo njia ya ndani ya nchi. Chombo huupanda mto Garonne, kisha huingia mfereji unaofuatana na mto huo, uliokamilika mwaka 1856, hata kufika Toulouse. Kutoka hapo huushika mfereji wa kale zaidi uitwao Canal du Midi, wenye urefu wa kilomita 240, ambao huishia katika wangwa wa Thau karibu na bahari. Katika ramani ni njia nyepesi. Mlingoti hulazwa juu ya sitaha kwa sababu ya madaraja, na yoti huendeshwa kwa mtambo.

Taabu ni mkuku. Jahazi letu lina tumbo pana, na likikaa juu ya mchanga hukaa kama kuku juu ya mayai. Yoti ya tanga ina mkuku mzito ulioshuka chini kama ubapa wa kisu. Huo ndio unaoizuia isipinduke wala isisukumwe ubavuni na upepo. Baharini uzito huo ni salama ya watu. Mferejini ni mguu mrefu mno kwa kitanda. Yoti yetu ilihitaji maji ya mita 1.45 isiguse chini. Kuhusu mfereji wenyewe, vitabu vya mabaharia havikupatana: kimoja kilikubali chombo kinachozama mita 1.6, na kingine kilikataa chochote kilichozidi mita 1.4. Kati ya vitabu hivyo viwili ndipo palipokuwa na safari yetu yote.

Nahodha, mzee mtulivu mwenye kupenda hesabu, alianza kwa kutufundisha jambo ambalo sikupata kulifikiri kamwe. Maji matamu ni mepesi kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo chombo kitokacho baharini huzama zaidi kikiingia mtoni. Kwa yoti yetu ya tani 10 hivi, tofauti ilikuwa kama sentimita moja. Msomaji atacheka kusikia watu wazima wakiihesabu sentimita moja. Na asubiri kidogo. Tulipunguza maji ya kunywa na mafuta, tukateremsha mnyororo wa nanga na masanduku ya vyombo, vikapelekwa mbele kwa gari. Yoti ikainuka, nasi tukainuka mioyo.

Jambo la pili alilotufundisha lilikuwa mwendo. Wazee wetu walisema haraka haraka haina baraka, na mferejini maneno hayo ni elimu ya maumbile hasa. Chombo kinapokwenda husukuma maji mbele yake, na katika njia nyembamba maji hayo hayana pa kurudia ila mbavuni na chini ya chombo. Yakipita kwa kasi, usawa wake hushuka, na tezi huketi chini. Ukizidisha mtambo huendi mbele zaidi, unachimba. Mimi nilikaa omo na bildi, nikipima na kutaja vipimo kwa sauti, nahodha akishika usukani katikati kabisa ya njia, polepole kuliko mtu atembeaye kwa miguu. Watoto waliokuwa wakipita kando kwa baiskeli walitupungia mikono, wakatuacha.

Sharti niseme kidogo juu ya mtu aliyeufanya mfereji huo, kwani bila ya habari yake yaliyotupata hayaeleweki. Pierre-Paul Riquet alikuwa mkusanyaji wa kodi ya chumvi. Watu wa zamani walikuwa wametamani kuziunganisha bahari mbili, lakini hawakujua maji ya kuujaza mfereji juu ya mgongo wa nchi yatatoka wapi. Riquet aliyatafuta katika vijito vya mlima uitwao Montagne Noire, akayakusanya katika bwawa la Saint-Ferréol, lililojengwa kati ya mwaka 1667 na 1672, akayaongoza hata Naurouze, mahali palipo juu kuliko pote katika njia hiyo, mita 189 juu ya bahari. Hapo maji hugawanyika, mengine yakashuka magharibi na mengine mashariki. Wafanya kazi walifika 12,000 kwa wakati mmoja, na miongoni mwao walikuwamo wanawake waliochimba na kubeba udongo. Riquet mwenyewe alikufa mwaka 1680, na mfereji ukafunguliwa mwaka 1681.

Basi kila tone la maji katika Canal du Midi limeletwa. Chombo hupanda na kushuka kwa malango, yaani vyumba vya mawe vyenye milango miwili, na kila chombo kipitacho hushusha chumba kizima cha maji kuelekea bondeni. Kuta za vyumba hivyo zimepindwa kama umbo la yai, kwa kuwa kuta zilizonyoka zilipata kuanguka. Nilipenda kuzitazama kuliko makanisa yote tuliyoyapita.

Tulipita Naurouze salama. Siku ya pili yake, katika mteremko wa mashariki, kati ya lango na lango, yoti ilisimama. Haikugonga, ilisimama tu, kama punda aliyekumbuka jambo. Kiangazi kilikuwa kirefu na maji yalikuwa yamepungua. Tulirudisha mtambo nyuma, maji yakageuka rangi ya kahawa. Tulikaa watu watatu upande mmoja ili chombo kilale na mkuku uinuke, lakini tulikuwa wepesi mno. Nilichukua pondo nikasukuma, pondo likazama katika tope hata nikakaribia kulifuata. Tulifunga kamba katika mti wa platani ukingoni tukavuta, na mti peke yake ndio uliokuwa imara.

Mke wa nahodha akaniuliza, "Kwenu mngefanya nini?"

"Tungengoja, mama."

"Mngengoja nini?"

"Maji."

Hakucheka. Alinyosha kidole kwenye ukingo, nami nikaona alama ya unyevu juu ya udongo. Ilikuwa pale pale ilipokuwa asubuhi. Tungaliweza kungoja hata majira ya baridi, wakati mfereji hufungwa kwa matengenezo, na mwezi ungalipita juu yetu mara nyingi bila ya kutujali. Kama tungaling'oka kwa kurudi nyuma, ilitubidi turudi mpaka Bordeaux na kuzunguka Hispania katika dhoruba za mwisho wa mwaka. Nahodha aliyajua hayo. Nilimwona akiikunja ramani na kuikunjua bila ya kuisoma.

Mwishowe alikwenda kwa miguu, kwa njia ya kando ambayo zamani ilikuwa ya farasi wavutao mashua, hata lango la juu yetu. Bibi mlinzi wa lango hakumjibu upesi. Nyuma yake vilikuwako vyombo vingine vilivyohitaji maji yayo hayo, na alichotupa sisi aliwanyang'anya wao. Alipima usawa wa maji upande wake, akapiga simu kwa mlinzi aliye juu zaidi, kisha akakubali kutushushia chumba kimoja, kimoja tu.

Nilifanya hesabu baadaye. Chumba kile, kwa makadirio yangu, kilikuwa na mita za ujazo 600. Sehemu yetu ya mfereji ilikuwa na urefu wa kilomita moja na upana wa mita 15. Gawanya, nawe utapata sentimita 4. Maji hayakuja kwa kishindo. Nilitazama alama ya unyevu ikifunikwa taratibu, majani makavu yakaanza kutembea, kisha nikasikia chini ya miguu yangu chombo kikijitikisa. Nahodha hakuugusa mtambo. Tulivuta kamba kwa mikono, na yoti ikaja.

Kutoka hapo tulikwenda siku nyingi kwa pumzi za kuazima. Daraja la Capestang, lenye upinde wa chini sana, lilitupa hofu ya kichwani badala ya hofu ya miguuni. Tulipita mapengo makubwa palipokatwa miti ya platani kwa sababu ya ugonjwa wa kuvu uliogunduliwa huko mwaka 2006. Mahali hapo jua lilituchoma, ingawa bomba la mtambo lilishukuru kupunguziwa majani.

Tulipotoka katika mfereji na kuingia Thau nilitupa bildi, kamba ikapita mkononi mwangu mita 2, mita 3, nikasahau kutaja kipimo. Nahodha aliniuliza mara mbili. Huko Sète tuliusimamisha mlingoti, nami nikauliza, kwa mazoea ya kwetu, maji yatajaa saa ngapi. Mzee mmoja wa bandarini akanieleza kwamba katika bahari ile maji hupanda na kushuka kidogo tu, na hakuna mtu anayeyangoja.