Dada Alipokataa Kuitwa Mlemavu

Barua yenyewe ilikuwa na mistari minne tu. Dada yangu aliikunja mara nne, akaitia ndani ya sidiria upande ule usio na titi, akapanda matatu kutoka eneo la viwanda hadi kwangu, na alipofika hakusema neno mpaka alipomaliza chai. Kisha akaitoa na kunipa.

"Wewe ndiye unayejua kusoma," akasema, ingawa kidato cha nne alinipita kwa alama nyingi.

Hiyo ilikuwa Machi 2022. Kiwanda cha nguo alichokitumikia kwa miaka tisa kilimshukuru kwa kazi yake, kikamtakia afya njema, na kumjulisha kwamba mwisho wa mwezi huo hakitamhitaji tena. Sababu iliyotolewa ilikuwa "hali ya afya". Hakuna aliyemwita ofisini kuzungumza naye. Msimamizi alimkuta kwenye cherehani, akamwachia bahasha juu ya kitambaa, akaenda zake.

Msomaji, nisikuchoshe kwa habari za ugonjwa wenyewe. Dada alipatikana na saratani ya titi la kushoto mwaka wa 2021. Alipasuliwa, titi likaondolewa pamoja na tezi za kwapani, akapewa dawa za kemikali duru sita, moja kila baada ya wiki tatu, kisha akachomwa miale siku tano kwa wiki. Ukoo ulifanya harambee mbili, na kipande cha shamba la mama kikauzwa. Hayo si mageni kwa familia za Kenya. Zaidi ya watu 40,000 hupatikana na saratani humu nchini kila mwaka, na nani asiyekumbuka Julai ya 2019, mwezi mmoja uliowachukua Bob Collymore wa Safaricom, mbunge wa Kibra Ken Okoth na gavana wa Bomet Joyce Laboso?

Nisilolijua mimi ni kile kinachofuata watu wa harambee wanapokwenda makwao.

Mkono ulianza kuvimba wiki chache baada ya miale. Tulidhani ni malaria, kisha tukadhani ni baridi. Kumbe tezi za kwapani ndizo zinazosaidia kupitisha maji ya mwili, na zikiondolewa au zikiunguzwa na miale maji hukosa njia, yakabaki mkononi. Kuna wanaovimba baada ya mwezi, kuna wanaovimba baada ya miaka. Dawa ya kuumaliza uvimbe huo haipo. Mtu huvaa soksi ya mkono inayobana, hukandwa, hufanya mazoezi, na huambiwa asibebe mizigo mizito wala kujikata. Juu ya hayo, zile dawa za kemikali zilimwachia ganzi vidoleni. Siku moja sindano ya cherehani ilimdunga, naye hakujua mpaka alipoona damu kwenye kitambaa. Karani wa ofisini angeweza kuvumilia hali hiyo. Fundi anayesukuma jinzi chini ya sindano kuanzia asubuhi hadi jioni angevumiliaje? Alikuwa ameomba ahamishiwe meza ya kukagua nguo zilizokamilika. Jibu lake ndilo ile bahasha.

Mimi nilisomea uandishi wa habari, si sheria. Lakini usiku huo nilikuwa na hasira, na mwandishi mwenye hasira husoma. Nilianza na Sheria ya Ajira ya 2007. Inasema mfanyakazi aliyekwisha kutumikia miezi miwili mfululizo apewe likizo ya ugonjwa isiyopungua siku saba kwa mshahara kamili, na siku saba nyingine kwa nusu mshahara, katika kila mwaka. Piga hesabu mwenyewe. Duru sita za dawa, moja kila wiki tatu, ni karibu miezi minne. Miale nayo wiki kadhaa. Siku kumi na nne zinaishia njiani kabla mgonjwa hajaanza kupoteza nywele.

Nikaendelea. Kifungu cha 41 kikanipa moyo. Mwajiri anayetaka kumfuta mtu kwa sababu mwili wake haumudu kazi tena sharti kwanza amweleze sababu hiyo kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi hapo. Amsikilize pia kabla ya kuamua. Bahasha juu ya kitambaa haikuwa na lolote kati ya hayo.

Kisha nikafika kwenye Katiba ya 2010. Kifungu cha 54 kinataja haki za watu wenye ulemavu, lakini ni kifungu cha 260, kule mwishoni ambako watu hawafiki, kilichonifanya nisimame katikati ya sebule saa saba usiku. Kinaeleza ulemavu ni nini, na hakikomei kwenye macho, masikio na miguu. Kinataja pia hali au ugonjwa unaomwathiri mtu pakubwa au kwa muda mrefu katika shughuli zake za kila siku. Ugonjwa! Uingereza wamekwenda mbali zaidi, maana sheria yao ya usawa ya 2010 humhesabu mgonjwa wa saratani kuwa mtu mwenye ulemavu tangu siku anapoambiwa ana saratani. Kwetu lazima uonyeshe athari. Lakini mkono wa dada yangu haukuwa athari ya kutosha?

Nikaketi nikaandika barua ya kurasa mbili kwa mwajiri wake, kwa niaba yake. Niliandika kwamba dada yangu ni mlemavu, kwamba sheria inamlinda, na kwamba tutakwenda kotini. Asubuhi nikaipeleka mwenyewe. Nilijiona shujaa.

Jioni nilimpigia simu nikamsomea nakala. Kimya. Nikadhani laini imekatika.

"Umeniandika mlemavu," akasema hatimaye. "Uliniuliza?"

Nilijaribu kumweleza kifungu cha 260. Akaniambia kifungu hicho nikioe. Alisema alikubali kukatwa titi, alikubali kipara, alikubali majirani kunong'ona kwamba amelogwa na shemeji zake, lakini hakuna aliyemwambia kwamba baada ya yote hayo mdogo wake atamtia katika orodha ya viwete. Akakata simu. Hatukusemezana kwa wiki tatu, na mama alipouliza kulikoni kila mmoja wetu alisingizia kazi.

Nimelifikiria sana neno hilo tangu siku ile. Kiswahili chetu kimewaweka kipofu, kiziwi na kiwete katika ngeli moja na kiti na kikombe, na si ajabu mtu akikataa kuingizwa humo. Ndiyo maana wenyewe hupendelea kusema "mtu mwenye ulemavu", mtu atangulie. Mimi nilikuwa nimempa dada haki kwa mkono mmoja na kumnyang'anya jina lake kwa mwingine.

Nilimwendea Jumamosi nikamwomba radhi, nikiwa nimebeba maembe. Hakusema amenisamehe. Alisema tu, "Leta hicho kitabu chako nisome mwenyewe." Alikisoma siku mbili. Siku ya tatu alinipigia simu akaniuliza fomu za Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hupatikana wapi.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Ili kuandikishwa, lazima kwanza mtu akaguliwe na madaktari katika hospitali ya serikali. Daktari wa kwanza tuliyempata hakumtazama mkono. Alitazama fomu, akasema, "Mama, saratani si ulemavu. Nenda uombe Mungu upone." Alikuwa kijana mpole, nafikiri alidhani anamtia moyo. Tulirudi nyumbani.

Mara ya pili dada alikwenda na daftari lake. Ni daftari la fundi, lenye vipimo vya wateja: kiuno, kifua, urefu wa sketi. Lakini kurasa za nyuma alikuwa ameandika vipimo vya mkono wake mwenyewe, kila Jumapili jioni, kwa tepu yake ya nguo: juu ya kiwiko, chini ya kiwiko, kifundo, kushoto na kulia. Hakuniambia kamwe kwamba alikuwa akifanya hivyo. Tofauti ya mkono mmoja na mwingine ilikuwa imefika sentimita 6. Daktari wa siku hiyo, mama wa makamo, alifungua kurasa moja baada ya nyingine, akachukua tepu kutoka shingoni mwa dada, akapima mwenyewe. Kisha akajaza fomu bila kuuliza swali lingine.

Kazi yake hakuirudia, nisidanganye. Baada ya miezi ya kwenda na kurudi katika ofisi ya leba, kiwanda kilikubali kumlipa mishahara ya miezi kadhaa, naye akakubali kwa sababu ada ya shule ilikuwa mlangoni. Kuna walioniambia tungeshinda zaidi kotini. Huenda. Wao hawakuwa na mtoto anayengoja kwenda bweni.

Watu walisikia. Muuguzi mmoja aliniuliza kama ningeweza kumsaidia mgonjwa mwingine kuandika barua, kisha akaja wa tatu, na sasa tuko saba tunaokutana kila Alhamisi kwenye benchi nje ya kliniki, bila ofisi, bila mhuri, bila mshahara. Tunajaza fomu, tunasindikiza watu ofisi ya leba, tunawakumbusha wasitie sahihi barua ya "kujiuzulu kwa hiari" wasiyoiandika. Tunawaambia wana miaka mitatu ya kudai, wasikate tamaa mwezi wa nne. Wenye mishahara tunawaeleza kuhusu kodi, maana amri ya mwaka wa 2010 iliwasamehe watu wenye ulemavu walioandikishwa shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya mwezi, na wengi waliokatwa mguu kwa saratani ya mfupa, au wanaotumia mfuko wa haja ubavuni, hawajawahi kuambiwa.

Hatuna jibu kwa kila mtu. Kuna aliyekuwa makanga, aliyeondolewa kisanduku cha sauti kwa saratani ya koo. Hupumua kupitia tundu shingoni. Aliandika kwenye simu yake akanionyesha: "Sheria gani itanifanya niite abiria?" Sikuwa na la kumjibu. Hana mwajiri wa kuandikiwa barua wala mshahara wa kusamehewa kodi. Wenzake wa stejini ndio waliomtafutia njia. Hushika kibao cha kadibodi chenye nauli, na kupiga bati la matatu kwa kiganja. Makanga mgeni akimcheka, wanamshughulikia wenyewe.

Mei 2025 Rais alitia sahihi Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu kuchukua mahali pa ile ya 2003, nasi tukainunua nakala moja na kuigawana kama mkate, kila mtu sehemu yake ya kusoma. Dada alichukua ya ajira. Hushona nyumbani sasa, kwa cherehani ya umeme, saa nne kwa siku na si zaidi, kisha hupumzisha mkono juu ya mto. Kadi yake huiweka katika mkoba, nyuma ya picha ya watoto. Juzi nilimwona akiitoa benki kwenye foleni ndefu, akaitazama, akairudisha, akaendelea kupanga foleni. Sikuuliza.

Alhamisi iliyopita alikuja msichana wa miaka ishirini na kitu, mfanyakazi wa duka la jumla, mkono wake wa kulia ameuficha ndani ya sweta ingawa jua lilikuwa kali. Niliinua kalamu. Dada akanisukuma kando kwa kiwiko, akaketi karibu naye, akavua tepu shingoni.

"Kwanza tupime," akamwambia. "Mambo ya kuandikisha utaamua mwenyewe, hata kama ni mwaka ujao."

Msichana akavua sweta.