Kwa Pangaboi Hadi Mpanda

Ndege inayokupeleka Mpanda ni ya pangaboi, na kwangu hiyo ni raha tupu. Nilipopanda Q400 ya Air Tanzania pale Dar es Salaam, nilichagua kiti kinachotazamana na injini ili niyaone mapanga yakianza kuzunguka. Yako sita kila upande. Mwanzoni unaweza kuyahesabu, kisha yanapotea machoni, unabaki na duara la kivuli tu. Binti aliyekaa pembeni yangu akanisalimia, "Shikamoo babu," halafu akauliza kama naogopa kuruka.

"Marahaba mjukuu wangu. Siogopi. Hizi nimezipanda tangu ujana wangu, wakati wa Dakota."

Dakota hakuijua, ikabidi nimsimulie.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nilikuwa mtumishi kijana wa serikali, na safari ya kwetu ilipitia Tabora. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza mwaka 1946 na ndege sita aina ya Dominie, za mbao na kitambaa. Dakota, yaani DC-3, zilikuja baadaye, nyingi zikiwa zimeshabeba askari na shehena katika Vita Kuu ya Pili. Ikiwa chini, Dakota hukalia gurudumu dogo la mkiani na kuinua pua juu. Ukiingia kwa mlango wa nyuma unapanda mlima hadi kwenye kiti chako, huku umeshikilia migongo ya viti. Injini zake mbili zilikuwa na silinda 14 kila moja. Ikiwashwa, ilikohoa, ikatema moshi ubavuni, ikasita, kisha ikashika. Bati lote likatetemeka, na harufu ya petroli na oili ya moto ikatujia ndani. Harufu ile naipenda mpaka leo.

Mhudumu alipitisha peremende ili masikio yasizibe. Rubani hakwenda juu sana, maana ndani hapakuwa na mitambo ya kuongeza hewa. Jua likishawaka juu ya Ugogo, ndege ilipanda na kushuka hata watu wazima wakafumba macho na kushika vichwa. Lakini nchi tuliiona! Mibuyu, mapaa ya tembe, ng'ombe wakitimua vumbi kwenda kunywa maji. Baada ya saa tatu au zaidi tulitua Tabora, na kutoka hapo ni treni: Kaliua, halafu ile reli iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda, inayokata miyombo na kuvuka Mto Ugalla.

Shirika lile lilivunjika mwaka 1977, mwaka huohuo Air Tanzania ikaanzishwa. Q400 ni za ukoo wa Dash 8, ndege zilizobuniwa na de Havilland ya Kanada, na Dominie nazo zilitoka kwa de Havilland ya Uingereza. Wapo wanaozidharau kwa kuwa si jeti. Wanakosea. Pangaboi hutosheka na uwanja mfupi, na kwa safari za ndani hula mafuta kidogo kuliko jeti. Hii ya sasa hubeba abiria 76. Bila ndege za namna hii, mtu wa Katavi angebaki kutegemea barabara na reli peke yake, na mgonjwa anayewahi rufaa Dar es Salaam anajua uzito wa jambo hilo.

Tulipoanza kushuka, binti alikuwa ameinamia dirisha langu kabisa. Chini ilikuwa miyombo isiyoisha, majani mapya mekundu yakichanganyika na makavu, kisha mashamba, kisha mabati ya Mpanda yaking'aa.

Ukipata safari ya huku, omba kiti cha dirishani upande wa kushoto. Bawa liko juu ya dirisha, halikuzibi, na upande huo ndiko iliko Hifadhi ya Katavi.