Hereni za Mama Ntilie

Magomeni ya katikati ya miaka ya 1990, jarida la Sani halikuwa na mwenyewe. Mmoja alinunua, baraza nzima ikasoma, likarudi jalada limechanika na kurasa zinanuka mafuta ya vitumbua. Sisi tuliopenda kuchora tulilingoja tunakili wahusika wake wa katuni. Lodi Lofa, Ndumilakuwili, Pimbi, Madenge, Kipepe: kila mmoja alibeba tabia yake mwilini, hata akikupa mgongo unamjua. Wote wanaume. Wanawake waliopita kwenye visa vyao, kama ninavyowakumbuka, walipewa nyonga, midomo na kope. Tabia hawakupewa.

Kanuni hiyo tuliishika bila kufundishwa. Chora duara, tia macho mawili, huyo mwanamume. Ukitaka mwanamke, ongeza kope tatu, hereni na kifua. Niliikuta pia kwenye fulana yangu ya mtumba yenye Mickey na Minnie. Nikiziba utepe na kope kwa kidole gumba, nabaki na panya wawili walewale, masikio yaleyale, pua ileile. Tangu Steamboat Willie ya mwaka 1928, Minnie tunamtambua kwa sketi na mapambo ya kichwani. Iliniudhi, na inaniudhi mpaka leo, maana mtaani kwetu wenye vituko vya kuchorwa walikuwa wanawake.

Jirani yetu mmoja alikuwa mama ntilie. Alipika chini ya mwembe, khanga kaifunga kifuani, mguu mmoja kaupandisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, upawa mkononi, shingo kaigeuza kumsaka mdaiwa anayejipitisha ng'ambo ya barabara. Nikamchora vilevile, bila kope wala hereni. Watoto walimtaja jina kabla sijafika usoni.

Mhariri wa gazeti moja aliitazama ile picha akasema, "Huyu mbona dume? Mtie hereni, mbane kiuno." Nilikataa. Wakamtia wao.

Gazeti lilipotoka nilimpelekea mama ntilie mwenyewe. Akafuta mikono, akalitazama kwa muda.

"Mwanangu, huyu nani?"

"Ni wewe, mama."

Akaweka kidole kwenye ukurasa. "Labda huu upawa. Upawa ndio wangu."

Tangu hapo naanza na mikono: imeshika nini, imechoka kiasi gani, inamnyooshea nani kidole. Kisha mgongo, kisha miguu inavyokanyaga. Nywele na nguo huja mwisho, na kope mara nyingi haziji kabisa.