Kuku Mgeni na Flashi Ngeni

Kwetu Mamba, ukinunua kuku mnadani humwachii siku hiyohiyo aingie bandani na wenzake. Anafungwa kamba pembeni au anafunikwa tenga, anakula pumba zake peke yake, na mnamtazama kama wiki mbili. Akianza kusinzia na kuharisha kijani, mmejua ni mdondo. Hakuna anayesema kuku kabaguliwa. Mdondo ukishaingia bandani unaweza kufagia banda zima, mkabaki na manyoya.

Kwa hiyo niliposoma kuhusu Windows Sandbox sikuona maajabu. Ni dirisha linalofunguka kwenye kompyuta yako, na ndani yake kuna Windows nyingine, tupu, isiyojua faili zako. Programu unayoitilia shaka unaiendesha humo. Ikiharibu, imeharibu humo. Ukifunga dirisha kila kitu kinafutika. Microsoft waliileta mwaka 2019 kwenye Windows 10, lakini kwa matoleo ya Pro, Enterprise na Education tu. Sisi wa Home hatumo. Inataka RAM isiyopungua GB 4, na kwa GB 4 hizo utasubiri hadi uchoke. Ya wanyonge ni Sandboxie, ipo tangu 2004, sasa ni ya bure, na inakubali hata mashine ya kizee.

Hiyo ndiyo niliyoweka stationari kwa mjomba wangu likizo iliyopita. Mnazijua stationari za vijijini: kompyuta moja inabeba mitihani ya shule, fomu za mkopo, barua za kazi, kadi za harusi na picha za marehemu. Kila anayeingia ana flashi, na kila flashi imeshapita kwingine.

Jioni moja akaja mwalimu wa sekondari na mtihani wa kidato cha pili, unaofanywa kesho yake asubuhi. Nikachomeka flashi: mafolda yote yana kishale kwenye kona, kila moja KB 1. Mjomba akasema, "Fungua tu, mjomba, watu wanasubiri." Sikufungua. Kirusi cha namna hii huficha mafolda yako halisi na kuweka njia za mkato zenye majina yaleyale, na ukibofya unakuwa umekiita mwenyewe. Nikaruhusu faili zilizofichwa zionekane, mtihani ukajitokeza salama, nikaunakili peke yake na kuufungua ndani ya Sandboxie, kwa sababu hutumia Word iliyopo kwenye mashine. (Ile ya Microsoft haina Word ndani, na hili hawakwambii mapema.) Ilichukua karibu nusu saa. Mjomba akauliza kama nasomea ualimu au udaktari. Namwelewa: wateja wawili waliondoka, na hela ya umeme hailipwi kwa tahadhari.

Sasa njooni huku chuoni, msimu wa utafiti. SPSS ya kuchakachua inazunguka kwenye magrupu, na maelekezo yake huanza hivi: zima kwanza antivirusi. Jamani! Muuza kuku akikwambia umfungie mbwa kwanza ndipo alete kuku, si utamwuliza kuna nini? Wapo wanaosema tuiendeshe ndani ya sandboksi basi. Haitakufaa kwa utafiti, maana ile ya Microsoft ukiifunga inafuta programu pamoja na data zako. PSPP ni ya bure na halali, na kwa majedwali tunayoombwa shahada ya kwanza inatosha kabisa.

Pia tenga si ngome. Intaneti ndani ya Windows Sandbox huwa imewashwa usipoizima, kwa hiyo nywila utakayoandika humo inaweza kusafiri. Na zipo programu ovu zinazotambua kuwa zimetengwa, zikatulia kama mgeni mbele ya wakwe, zikangoja utakapozitoa.

Simu zetu zina uzio huo tayari. Kwenye Android kila programu inaishi kwenye chumba chake, haioni ya jirani mpaka wewe ubonyeze "Ruhusu". Programu za mikopo ya haraka zinalijua hilo, ndiyo maana zinaomba orodha ya namba zako kabla hazijakuuliza unataka shilingi ngapi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja majukwaa na programu 69 zinazokopesha mtandaoni bila leseni. Mwenzangu wa bweni alikopa kwenye moja ya aina hiyo. Alipochelewa kulipa, ujumbe wa kumdhalilisha ulifika kwa baba yake mdogo, kwa mchungaji, na kwangu. Nikamwuliza kwa nini aliruhusu. Akasema alikataa mara mbili, na mara zote mbili ilijifunga, na siku hiyo alikuwa hajala.