Kimya Si Idhini: Kosa Langu Kwenye Seva

  



Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike machache kuhusu kazi yangu ya kompyuta. Mimi ni mtoto wa madrasa hii. Alifu yangu ya kwanza niliiandika hapa hapa Singida, kwenye ubao uliokuwa na jina langu kwa nyuma ili mwenzangu asiuchukue kwa makosa. Nilitaka kuandika juu ya faida za kompyuta, lakini faida hizo mnazisikia kila siku. Nikaona bora niwasimulie kosa langu, huenda likamfaa mmoja wenu.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mtunzaji wa seva katika chuo kimoja nje ya mkoa wetu. Seva ni kompyuta kubwa inayotumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa mbali kwenye kompyuta yake ndogo. Yetu ilikuwa na watumiaji wapatao 40. Mmoja alikuwa akihesabu takwimu za mvua, mwingine za wagonjwa, mwingine za mazao. Wote walikuwa wakitumia diski ile ile na kumbukumbu ile ile.

Shida yetu ya kwanza ilikuwa matoleo ya programu. Mtumiaji mmoja aliniomba niweke toleo jipya la programu ya takwimu. Nikaliweka kwa ajili ya wote. Kesho yake asubuhi mwingine akaja analalamika, kwani kazi yake ilitegemea toleo la zamani na sasa ilikuwa imegoma kabisa. Nilimfurahisha mmoja nikamuudhi mwingine, wala hakuna aliyekuwa na makosa.

Dawa yake ni kitu kinachoitwa mazingira pepe. Kila mtu hutengenezewa folda yake, na ndani yake huweka matoleo anayoyahitaji mwenyewe. Akiyawasha mazingira yake, kompyuta hutazama kwanza ndani ya folda ile kabla ya kutazama kwingine. Ni kama madrasa yetu: chumba kimoja, lakini hawa wanasoma Juzuu Amma, wale tajwidi, na kila kundi lina ubao wake.

Fikra hii ya kuwatenganisha wanaotumia mashine moja si ngeni. Mwaka 1979 mfumo wa Unix ulipata amri ya chroot, inayoifanya programu ione folda moja tu kana kwamba ndiyo mashine nzima. Mwaka 2000 mfumo wa FreeBSD ukaleta utengano wenye nguvu zaidi, wakauita jela. Kwa wanaotumia lugha ya Python, Ian Bicking alitoa zana ya virtualenv mwaka 2007, na tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012 zana ya namna hiyo, venv, huja pamoja na Python yenyewe. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023, mfumo wenyewe humkataza mtu kutumia pip kuongeza programu za Python mahali pa wote, ukamwelekeza atengeneze mazingira yake.

Lakini fahamuni kwamba mazingira haya hutenganisha matoleo tu. Hayagawi umeme wala nafasi. Mliokaa nyumba za kupanga mnajua: kila mpangaji ana chumba na kufuli lake, lakini LUKU ni moja. Anayewasha jiko la umeme usiku kucha huwaachia wote giza. Ndivyo na seva. Mtu mmoja akiendesha hesabu nzito, wote hukwama, mpaka mtunzaji aweke mipaka ya kila mmoja. Na diski nayo hujaa, maana kila mazingira hubeba nakala zake za programu.

Hapo ndipo nilipokosea. Mwezi Mei 2017, wiki mbili hivi kabla ya Ramadhani, diski ilijaa. Watu wakashindwa hata kuhifadhi faili dogo. Nilikuwa na mamlaka ya mtunzaji mkuu, yaani kufuli zote zilinifungukia. Nikatafuta mazingira ambayo hayakuguswa kwa siku 90, nikapata 23. Nikajisemea kwamba mazingira pepe si mali ya kuhuzunikia. Mwenyewe akirudi atayajenga upya kwa dakika chache. Nikatuma tangazo moja asubuhi. Hakuna aliyejibu. Jioni nikafuta yote 23, nikaenda kuswali Magharibi moyo wangu ukiwa mweupe.

Siku ya nne akaja kijana mmoja wa Iramba, mwanafunzi wa uzamili. "Kaka, folda yangu siioni." Alikuwa kijijini miezi mitatu akiwahoji wakulima wa alizeti, na huko mtandao ulikuwa wa shida, hivyo tangazo langu hakuliona. Kabla ya kuondoka safari ya mwisho aliingiza majibu ya wakulima 212, akayaweka ndani ya folda ile ile ya mazingira yake. Hapo ndipo asipopaswa mtu kuweka kazi, lakini hakuna aliyemwambia, na mimi niliyepaswa kumwambia nilikuwa nimekaa kimya. Nakala rudufu ya mwisho ilikuwa imechukuliwa kabla ya kazi yake.

Ningeweza kumlaumu. Kanuni zilikuwa upande wangu na wakubwa wangeniunga mkono. Nilikaa kimya kidogo, kisha nikasema, "Ndugu yangu, ni mimi niliyefuta. Niwie radhi." Akainama. Baadaye akasema, "Nimekusamehe. Lakini utanisaidia."

Hojaji zake za karatasi zilikuwa kwenye gunia nyumbani kwa mama yake, Kiomboi. Zikaja kwa basi. Mwezi wa Ramadhani, kila baada ya tarawehe, tulikaa wawili, yeye akisoma mimi nikiandika. Tulimaliza kwa siku tisa. Hojaji saba panya walikuwa wamezitafuna, hazikusomeka. Na marekebisho aliyopewa na wakulima kwa simu, ambayo hayakuwa kwenye karatasi, hayakurudi mpaka leo.

Katika siku zile nilikumbuka somo la hapa madrasani. Qur'an tukufu, katika Surat An-Nur, inatufundisha kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kubisha hodi mara tatu, na tusiporuhusiwa turudi. Mimi nilibisha mara moja, sikuitikiwa, nikaingia na kuvunja vyombo. Kimya nilikifanya idhini.

Tangu hapo nilijiwekea taratibu nne:

1. Kila mtumiaji huelekezwa siku ya kwanza kwamba data hukaa folda yake na mazingira hukaa folda nyingine.

2. Kila mazingira yawe na orodha ya programu zake na matoleo yake, inayoandikwa kwa amri ya pip freeze, ili yajengwe upya yakiharibika.

3. Kila mtu apewe kiwango chake cha diski na kumbukumbu mapema, tusingoje ijae.

4. Kabla ya kuondoa chochote, mwenyewe aarifiwe mara tatu, na moja iwe kwa simu. Asipopatikana, sifuti. Nafungasha kazi yake, naihifadhi kwenye diski ya nje yenye jina lake, hata kama miaka itapita.

Wanafunzi wenzangu, wengi wenu hamtatunza seva. Lakini mtashika simu ya mama, kompyuta moja ya shule kwa zamu, daftari la mahudhurio, au sanduku la michango. Kuwa na funguo si kuwa mmiliki wa kilichomo. Ukikuta faili la mwenzako limejaza nafasi, muulize kwanza. Ukikosea, sema ni wewe kabla hajauliza wa pili.

Kijana yule alimaliza masomo yake, Alhamdulillah. Kila Ramadhani hunitumia ujumbe wa salamu, na hunitania akiuliza kama panya wa Kiomboi nimewasamehe.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watunzaji waaminifu wa amana tunazokabidhiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.